Vidonge havijaamsha mkono, tuviache?

Shikamoo mama,

Naandika usiku, mgonjwa wangu ameshalala. Tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mimi nauza mboga kavu na karanga soko la Majengo, mume wangu, Baba Joshua, ni seremala, ana miaka 54. Hii ni wiki ya nane tangu apate kiharusi.

Siku hiyo tulilala saa nne usiku akiwa mzima kabisa, ametoka kumalizia kitanda cha mteja. Saa kumi na moja alfajiri akaamka aende msalani, akaanguka. Nikawasha taa, nikamkuta mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia unaning'inia kama nguo kwenye kamba. Namuuliza, ananijibu maneno yasiyoeleweka. Mimi nilidhani ameulalia mkono. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa ambaye tunaishi naye uzio mmoja, akasema huo ni upepo mbaya, tusikimbilie hospitali watamchoma sindano afe. Wakamtoboa ncha za vidole ili damu itoke, wakamsugua mafuta, wakampa chai ikampalia, akakohoa mpaka akabadilika rangi. Tulifika hospitali saa nane mchana. Walimpiga picha ya CT ya kichwa, daktari akasema mshipa wa ubongo upande wa kushoto umezibwa na donge la damu. Tulilazwa siku tisa.

Tuliporuhusiwa tulipewa aspirini ndogo, atovastatini ya usiku, na amlodipini ya presha. Mwezi wa kwanza nilimpa bila kukosa hata siku moja. Tulipokwenda kupima zahanati presha ikasoma 128 kwa 80. Tuliporudi nyumbani shemeji akauliza: presha imepona na mkono uko vilevile, sasa hivi vidonge vinafanya kazi gani? Akashauri hela ya vidonge tuielekeze kwenye dawa ya kienyeji ya mtaalamu mmoja wa Mpwapwa. Dumu la lita tano limeshafika, na mwisho wa mwezi anataka tumpeleke akakae hukohuko. Mume wangu naye ameitikia kwa kichwa. Leo ni siku ya 12 hajameza kitu cha hospitali.

Bega la kulia linamuuma sana, kijana wa duka la dawa anamuuzia diklofenaki, akimeza anapata usingizi. Chai bado inampalia. Kiswahili kinamkimbia, akitaka maji anaonyesha kidole, lakini Kigogo kinatoka kidogo kidogo, na Jumapili iliyopita wanakwaya wenzake walipokuja kumwona aliimba nao ubeti mzima bila kukosea neno. Tulilia wote. Yeye mwenyewe sasa analia kila siku, mama, mtu ambaye hakutoa chozi hata tulipomzika baba yake.

Nauliza. Kuchelewa kwangu ndiko kulikomharibu? Vidonge ni vya nini kama mkono hauamki? Atashika randa tena? Na lingine naona aibu kuliandika, la mke na mume, tunaogopa tukigusana kitamrudia. Na huyu shemeji, ambaye ndiye mwenye sauti katika ukoo na ndiye anayetulipia kodi ya banda la kazi, nimpinge vipi?

Ni mimi, Mama Joshua.

*

Marahaba mwanangu.

Nimekuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimalizia wodi ya wanaume, kwa hiyo Baba Joshua namwona kama yuko mbele yangu. Maswali yako yote nitayajibu, ila kuna mawili ya kesho asubuhi, na hayo natanguliza.

La kwanza, kesho mrudishe kliniki. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Siku 12 bila dawa, ndani ya miezi mitatu ya kwanza baada ya kiharusi cha donge, ni hatari, maana hiki ndicho kipindi ambacho kiharusi cha pili hupenda kuja. Beba maboksi ya dawa zake zote, hata yaliyobaki matupu, beba karatasi ya kuruhusiwa, na beba chupa ndogo ya hiyo dawa ya dumu ili daktari ajue mgonjwa amekunywa nini. Usione haya kuitaja. Daktari asipojua, anaweza kuandika dawa ikagongana nayo.

La pili, diklofenaki aiache leo. Najua inamletea usingizi, na maumivu ya bega ni ya kweli, nitayarudia. Lakini dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hupandisha presha na huongeza uwezekano wa kiharusi na mshtuko wa moyo, na zikichanganywa na aspirini zinaweza kumtoboa tumbo akatokwa damu. Kwa mtu aliyepooza juzi, mpe parasetamoli kwa kipimo chake huku mkisubiri kumwona daktari. Kijana wa dukani hakukusudia ubaya, hakuulizwa historia ya mgonjwa naye hakuuliza.

Sasa nije kwenye hilo linalokunyima usingizi.

Ipo dawa ya kuyeyusha donge, inapitishwa kwenye mshipa wa mkono. Inatakiwa ianze ndani ya masaa manne na nusu, na masaa hayo hayahesabiwi tangu mlipomwona ameanguka, yanahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima. Baba Joshua alionekana mzima saa nne usiku. Kwa hesabu hiyo muda wa ile dawa uliisha saa nane na nusu, nyote wawili mkiwa usingizini. Ungemkimbiza palepale saa kumi na moja, daktari angekuuliza swali hilohilo na jibu lingekuwa hilohilo. Kwenye hospitali zenye picha za kina zaidi, baadhi ya wanaoamka na kiharusi huchaguliwa wakatibiwa, na wapo wanaotolewa donge kwa mrija hata ndani ya masaa 24, lakini hiyo haikuwa njia iliyokuwa wazi mbele yako alfajiri ile, na taa yako mkononi. Hukumharibu mumeo. Nataka uisome sentensi hiyo mara mbili.

Kuchelewa kulikuwa na ubaya wake mwingine, sitakudanganya. Ile chai. Mtu mwenye kiharusi koo lake nalo linaweza kupooza, na kinachompalia huteremka mapafuni kikaleta nimonia, ambayo inaua wagonjwa wa kiharusi wengi kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo maana hospitalini tulikuwa hatumpi mgonjwa hata kijiko cha maji kabla ya kupima anavyomeza. Na kutoboa vidole hakufungui mshipa wa kichwani, kunamwongezea maumivu na kunakula muda.

Kwa kuwa chai bado inampalia, hilo nalo kaliseme kesho. Kwa sasa akae wima kabisa, mgongo umenyooka, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani, na mpe funda dogo dogo. Vitu vyepesi kama chai na maji ndivyo vigumu kwake. Uji mzito na mtindi vinateremka vizuri zaidi. Akimaliza asilale, akae nusu saa. Ukisikia sauti yake imekuwa kama ina maji ndani baada ya kunywa, au homa imepanda, au kikohozi kimeongezeka, hiyo ni safari ya hospitali.

Nije kwenye vidonge, na hapa naomba uniazime kazi ya mumeo.

Seremala anajua mchwa wa Dodoma. Meza ikiliwa mguu mmoja, fundi hufanya kazi mbili. Ule mguu ulioliwa anaupunguza, anaunga, anapiga msasa, anahangaika nao siku nyingi. Na ile mitatu iliyobaki anaipaka dawa ya mchwa. Hakuna fundi aliyewahi kuitupa dawa ya mchwa kwa sababu haikuotesha mguu ulioliwa. Haikupakwa kwa ajili hiyo.

Vidonge vya Baba Joshua ndiyo hiyo dawa ya mchwa. Havikuandikwa ili viamshe mkono, na nadhani siku ya kuruhusiwa hakuna aliyekaa nanyi akawaambia hivyo. Mkono una tiba yake nyingine, ni mazoezi. Vidonge ni vya kulinda mkono wa kushoto, miguu, macho, na hicho Kigogo kinachotoka kidogo kidogo. Aspirini inazuia zile chembe za damu zisishikane zikafanya donge jingine. Atovastatini inatuliza mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa yasibanduke, na ina faida hata kwa mtu ambaye kipimo chake cha mafuta hakikutisha. Amlodipini inaishikilia presha. Wataalamu wanataka mtu aliyekwishapata kiharusi presha yake ikae chini ya 130 kwa 80, kwa hiyo ile 128 kwa 80 mliyoisoma zahanati, iliyofika karibu kabisa na hapo, ilikuwa kazi ya kidonge. Presha haikupona. Ilikuwa imefungwa kamba, nanyi mkaikata.

Kwa takwimu za Marekani, karibu mtu mmoja kati ya wanne wanaopata kiharusi anakuwa alishakipata kingine kabla. Mimi sihitaji takwimu za mbali. Baba yangu mdogo, dereva wa lori, alipata cha kwanza kikamwachia kigugumizi na mguu wa kuburuta kidogo. Kituo alichopitia kikampa vidonge vya siku 30, na kwa jinsi alivyoelezwa akaelewa kuwa dozi ni ya siku 30, kama ya malaria. Akamaliza, akashukuru Mungu. Mwezi wa tano kikaja cha pili, nacho hakikuacha kitu. Nilikuwa muuguzi wakati huo, na nilikuwa mbali, sikuuliza. Ndiyo maana leo nauliza kila mtu.

Kesho muulize daktari swali moja zaidi: hili donge lilitoka wapi? Uliza kama moyo ulipimwa kwa kile kipimo cha umeme. Upo moyo unaodunda ovyo bila mpangilio, damu ikituama ndani yake hufanya madonge yakapanda kichwani, na kwa mtu wa namna hiyo aspirini peke yake haitoshi, anahitaji dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, yenye uangalizi wake. Uliza pia kama sukari ilipimwa na kama mishipa ya shingo iliangaliwa kwa utrasaundi. Ikiwa yote yalifanyika, vizuri, majibu yaandikwe kwenye daftari lako.

Kuhusu hela sitakuhubiria, najua karanga zinauzwaje. Dawa hizi tatu ni za zamani na zipo za bei ya chini zisizo na jina kubwa la kampuni. Mwambie daktari wazi, "Daktari, kwa mwezi naweza kiasi hiki," akupangie kwa uwezo huo. Ni bora mara mia kuliko kumeza wiki moja na kuruka mbili. Kama mna bima ya afya, uliza dirishani dawa ipi inatoka. Na nunua trei ya mayai, ikate matundu saba, kila tundu siku moja, upange Jumapili jioni. Ukiona Jumatano bado ina kidonge siku ya Alhamisi, umejua.

Aspirini ameze baada ya kula. Choo kikiwa cheusi kama lami, hospitali. Miguu ikivimba vifundoni ni amlodipini mara nyingi, msiikatize wenyewe, dokta ataipunguza au ataibadilisha. Misuli ikimuuma mwili mzima bila sababu, mtajieni daktari atovastatini. Presha mpime mkono mzima, wa kushoto, akiwa ameketi ametulia dakika tano.

Sasa mkono.

Ubongo uliokufa haurudi, lakini ubongo jirani unaweza kufundishwa kazi ya marehemu. Haufundishwi kwa kusuguliwa mafuta, unafundishwa kwa kurudia. Tendo lilelile, mara nyingi kuliko unavyofikiri, mamia kwa siku ikiwezekana. Mavuno makubwa huonekana miezi mitatu ya kwanza, yanaendelea mpaka ya sita, na baada ya hapo yanakuja taratibu lakini hayakomi. Nyinyi mko wiki ya nane. Huu ndio msimu wenyewe wa mvua, na huko Mpwapwa kwenye kulala mkekani na kunywa dumu angeupoteza wote. Hapa mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na ipo Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma. Ulizeni siku za kliniki ya fizio, wale wataalamu wa tiba ya mazoezi, hata mara moja kwa wiki, mfundishwe, siku sita zilizobaki mfanye wenyewe nyumbani.

Mpe kazi anayoijua. Chukua kipande cha mbao kinachojaa kiganja, kizungushie msasa. Mketishe kwenye kiti kisicholegea, nyayo zote mbili zikanyage chini, mezani weka ubao wa mninga. Mkono wa kulia ukae juu ya kile kipande, vidole uvikunjue wewe mmoja mmoja kuanzia dole gumba, kisha mkono wake wa kushoto uje juu yake uushikilie. Asukume mbele mpaka kiwiko kinyooke, arudishe. Mwanzoni mkono wa kushoto ndio utakaofanya kazi yote na wa kulia utapanda tu kama abiria. Msijali. Mwambie auangalie unavyokwenda, harufu ya mbao aisikie. Mara 30, apumzike, mara 30 tena, asubuhi na jioni. Siku moja utaweka kiganja chako juu ya msuli wa nyuma ya mkono wake, ule wa juu ya kiwiko, utausikia umestuka wenyewe. Nimeyaona hayo kwa macho yangu kwa mzee mmoja aliyekuwa akisukuma kinu kitupu.

Miguu nayo: kuinuka kitini na kuketi, mara kumi, mara nne kwa siku, wewe ukiwa upande wa kulia kwake. Kutembea iwe alfajiri kabla jua na upepo wa vumbi havijakolea. Ondoa mkeka mlangoni asijikwae.

Bega linauma kwa sababu misuli iliyokuwa ikilishikilia imelegea na mkono mzima unaning'inia kwenye kiungo. Kila anapoinuliwa kwa kuvutwa mkono huo, linaumizwa upya. Kuanzia leo asivutwe mkono wa kulia na mtu yeyote, awe mtoto, mchungaji, au wanakwaya wanaomsalimia kwa furaha. Muinueni kwa kumshika kiunoni. Akiketi, mkono ulale juu ya mto au kanga iliyokunjwa mapajani. Akilala, ageuzwe kila baada ya masaa mawili mpaka aweze kujigeuza, na mkono ule uwe na mto wake. Na msimkande kwa chupa ya maji ya moto upande huo. Ngozi iliyokufa ganzi inaungua bila kusema.

Kama atashika randa tena, siwezi kukuapia, na mtu anayekuapia mjihadhari naye. Wengi hurudi kazini, wengine kwa kazi nyepesi zaidi: kupima, kuchora, kumsimamia kijana. Msumeno wa umeme asiuguse mpaka daktari na fizio waseme.

Ile ya kwaya imenifurahisha sana. Maneno ya kawaida yana makao yake upande wa kushoto wa ubongo, ulioumia, lakini wimbo unaegemea pia upande wa kulia, ambao kwake ni mzima. Ndiyo maana mtu anashindwa kusema "maji" na ubeti anaumaliza. Itumieni njia hiyo. Waambie wanakwaya waje kila wiki. Wewe mwenyewe neno "maji" mwimbie kwa sauti ya kupanda na kushuka huku unampigapiga kiganja cha kushoto polepole, aimbe nawe, kisha apunguze sauti ya wimbo kidogo kidogo mpaka libaki neno. Na kama Kigogo ndicho kinachotoka, ongeeni Kigogo. Asubuhi msalimie "mbukwenyi" na umsubiri ajibu, hesabu moyoni mpaka kumi kabla hujamsaidia. Akili yake haijapotea. Watoto wasimsemeshe kama mtoto, na wageni wasimjadili mbele yake kana kwamba hasikii.

Kulia kwake kuna namna mbili, na zote ni ugonjwa, si udhaifu. Moja ni kilio kinachomtoka ghafla kwa jambo dogo na kukatika ghafla, hata yeye mwenyewe hajui kwa nini, hilo ni jeraha la ubongo limelegeza breki ya machozi. Nyingine ni sonona yenyewe: halali usingizi, hali chakula, hataki mazoezi, anatazama ukutani. Sonona inawapata karibu theluthi ya waliopata kiharusi, na ikiachwa inakula mazoezi yote niliyokutajia. Zote zina dawa. Ukipewa barua ya kwenda kliniki ya afya ya akili, au hata hospitali ya Mirembe, nenda. Hapa Dodoma tumezoea kulitaja jina la Mirembe kama tusi, na nimeona watu wakirudi nyumbani na maradhi yanayotibika kwa kuliogopa jina tu.

La mke na mume. Hakuna aibu, na ningependa wanandoa wengi zaidi waulize. Tendo la ndoa kwa kawaida halileti kiharusi kwa mtu ambaye hali yake imetulia na presha yake imeshikiliwa. Kwa hiyo presha irudi chini kwanza, kisha muulize daktari kwa sentensi moja. Mlale ubavu, mkono mgonjwa ukiwa na mto, bila haraka. Hata kabla ya hapo, kulala naye kitanda kimoja na kumshika hakumdhuru, na huenda ndicho anachokililia. Ila dawa za kuongeza nguvu za kiume asinunue dukani kabisa.

Chakula sitakirefusha. Chumvi kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu, ikijumlishwa na iliyomo kwenye kila kitu. Na kuna kitu Wagogo wenzangu tunasahau: magadi tunayotia kwenye mlenda ni chumvichumvi ileile kwa presha. Pika mlenda wake bila magadi, au kwa chembe tu, tia karanga zako na nyanya, utaliwa. Ugali wa uwele au mtama ni mzuri. Nyama ya mnadani Msalato na ile chumvi ya kuchovya, aiage kwa muda. Kama anavuta sigara au kunusa ugoro, ndiyo mwisho. Na mvinyo wa zabibu zetu usihesabiwe kuwa dawa ya moyo.

Sasa shemeji yako. Mwanangu, usimpinge. Huyu ni mtu aliyemwona mdogo wake ameanguka na akafanya alichokijua. Anaogopa kuliko wewe, ila yeye ni mwanamume na ni mkubwa, hana pa kulilia. Leo usiku mpelekee chakula mwenyewe, keti chini, mwambie, "Shemeji, kesho nakuomba utusindikize kliniki, mimi peke yangu maneno ya daktari siyashiki." Ni kweli, na ni heshima. Huko mwombe daktari aiweke ile picha ya CT kwenye mwanga, amwonyeshe shemeji kile kivuli cheusi upande wa kushoto wa ubongo. Mtu akishaona pale palipokufa, habari ya upepo hupungua yenyewe. Kisha mpe kazi ya trei ya mayai. Mwenye sauti katika ukoo ndiye awe mlinzi wa vidonge. Mgonjwa atamtii kaka yake kuliko atakavyokutii wewe.

Kuhusu Mpwapwa, kwenda kusalimia ndugu na kuombewa hakuna anayekataza, mkishavuka miezi ya mazoezi na vidonge vikiwa mfukoni. Dumu likae pembeni mpaka daktari aseme neno.

Na hili wafundishe wote wa uzio huo, pamoja na Joshua na wadogo zake. Uso ukienda upande, mkono ukishuka wenyewe ukiinuliwa, maneno yakivurugika, hata kama vitaisha baada ya dakika kumi, tazameni saa na mwite gari papo hapo. Vinavyoisha vyenyewe ni onyo, si nafuu. Mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika ubongo unapoteza seli karibu milioni 1.9. Asipewe chakula, maji, wala kidonge chochote. Hata aspirini asipewe nyumbani, kwa sababu kiharusi kingine ni cha mshipa uliopasuka, damu inavuja, na aspirini itaizidisha. Ni picha ya kichwa, kama ile ya CT, tu inayovitofautisha. Akitapika mlazeni ubavu. Mwambieni daktari mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi.

Mkirudi kesho, niandikie. Nataka kujua presha imesoma ngapi, moyo umepimwa au la, na jioni hiyo, kabla hujawasha jiko, msasa ameusukuma mara ngapi.